Karamu ya Kuingia, Bei ya Kuanguka

Barua ya chuo kikuu ikiingia katika ploti yetu ya Umoja Innercore, wiki haiishi kabla hema halijasimama mbele ya lango. Viti vya plastiki vinakodiwa, sufuria kubwa zinaazimwa kanisani, na mimi, mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, natoa daftari niandike nani ametoa ngapi. Nimeliandika daftari hilo kwa miaka mingi, na ilinichukua miaka hiyo yote kuona kitu kilichokuwa wazi ndani yake. Kila shilingi tuliyowahi kumchangia mwanafunzi tuliichanga kabla hajaingia darasani hata siku moja. Baada ya hapo, kurasa ni tupu.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenifungua macho. Tulimfanyia harambee alipoitwa kusomea takwimu. Tulipata shilingi 85,000, na katika hizo, hema, viti, pilau na vipaza sauti vilikula karibu 30,000. Mwisho wa mwaka wa kwanza alifeli yuniti tatu. Hakumwambia mtu. Muhula mzima uliofuata aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaoga, akavaa begi mgongoni na kwenda kupanda matatu, na hakuna darasa alilokuwa akienda. Tulijua barua ya chuo ilipotufikia. Nilimwita jikoni nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Shangazi, ningewaambiaje watu waliokula pilau yangu?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipiga hesabu za chuo kwa njia nyingine. Ninapolinganisha njia mbili, naandika bei ya kuingia, halafu chini yake naandika itagharimu nini mtoto akijikwaa. Mara nyingi njia iliyoonekana rahisi hapo juu huwa ghali hapo chini.

Kwa wengi, kujikwaa kwa kwanza huja kabla hata ya chuo. Katika KCSE ya 2024, mtihani wa kumaliza sekondari, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na 246,391 wakapata C+ au zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada. Ni kama robo. Wale wengine tunakutana nao kwenye ngazi za ploti mwezi wa Januari, wakijifanya wanatafuta mtandao. Hesabu yenyewe ni kali: masomo saba, pointi 84 kwa jumla, na C+ huanzia pointi 46. Mwenye 45 ana C tupu. Pointi moja ndiyo inayomtenganisha na jirani yake atakayepigiwa hema.

Mzazi wa mtoto huyo ana njia mbili za kweli, na kila wiki nasikia watu wakishauriana vibaya juu ya njia hizo dukani. Ya kwanza ni kurudia mtihani. Ya pili ni diploma, ambayo mlango wake ni C-. Kurudia huonekana nafuu kwa kuwa mtoto yuko nyumbani: ada ya kujisajili kwa baraza la mitihani kupitia kituo, tuisheni ya jioni, na chakula kile kile cha familia. Gharama yake kubwa ni mwaka mzima usio na cheti chochote mwishoni iwapo pointi hazitapanda. Tena mlango huo unafungwa. KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, waliotoka hapo wakaingia kidato cha kwanza 2024, na hao ndio kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, watakaofanya KCSE mwaka 2027. Asikudanganye mtu kwamba mtoto anaweza kurudia na kurudia mpaka ipatikane.

Kabla ya kuamua, toa karatasi ya matokeo uisome somo kwa somo. Tangu KCSE ya 2023 wastani hutokana na hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kama mtoto ana pointi 45, na unajua kwamba aliugua wiki ya karatasi za kemia, basi kuna kitu cha kurudia. Sababu inajulikana na pengo ni dogo. Kama ana 40 na alama zimelala sawasawa katika kila somo, mwaka mmoja wa tuisheni ya Kayole hautaziinua zote pamoja. Huyo nampeleka diploma bila kusita. Na wanaouza kozi za briji wasikuchanganye: briji inaweza kumsaidia mtoto kujua hesabu, lakini haibadilishi wastani wa KCSE.

Diploma ya chuo cha ufundi cha umma ilipangiwa ada ya 56,420 kwa mwaka tangu 2018, serikali ikilipa 30,000 na kumwachia mwanafunzi 26,420, ambazo angeweza kuziombea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mkondo mpya wa ufadhili ulikuja baadaye na viwango vyake, lakini kipimo hicho kinatosha kukuonyesha umbali uliopo kati ya diploma na shahada. Halafu diploma ina sifa ambayo watu wa mtaa wetu hawaipi heshima yake: ina vituo vya kushukia. Mtoto akikwama katikati, anaweza kushuka na ujuzi wa umeme au wa kupima ardhi akafanya kazi. Akimaliza vizuri, vyuo vikuu vingi humpokea, na baadhi humwingiza moja kwa moja mwaka wa pili. Pale Haile Selassie Avenue, mwendo wa miguu kutoka Muthurwa, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ambacho babu zetu walikijua kama Kenya Polytechnic na ambacho kilipandishwa kuwa chuo kikuu 2013. Diploma na shahada zinafundishwa katika uwanja mmoja.

Anayeamua kurudia, naye asilipie chumba cha kusomea. Maktaba ya taifa ina tawi Buruburu. Kaloleni na Makadara zina matawi ya maktaba ya McMillan, ambayo shirika la Book Bunk limeyakarabati hadi yakawa mahali ambapo mtoto anatamani kukaa. Nimewaona vijana wa kurudia Kaloleni, kila mmoja na chupa yake ya maji, saa nne za asubuhi, kimya. Katika chumba kimoja cha Pipeline chenye ukuta unaopitisha redio ya jirani, kimya hicho hukipati kwa bei yoyote.

Sasa tuje kwa waliopata C+. Mkondo wa ufadhili uliozinduliwa 2023 umefika mahakamani na kurudi: Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo mwaka 2025, na mwaka huo huo serikali ikatangaza kupunguza karo. Kwa hiyo hakikisha viwango kwenye tovuti ya mwaka wako. Muundo wa bendi tano, hata hivyo, kila mzazi lazima auelewe. Bendi ya kwanza, ya familia zenye uhitaji mkubwa zaidi, ilipangiwa mwaka 2023 ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia ilipe 5. Bendi ya tano ilipangiwa ufadhili wa 30, mkopo wa 30, na familia ilipe 40. Pesa za matumizi nazo zilishuka kutoka 60,000 kwa mwaka hadi 40,000.

Kwa viwango hivyo, tuchukue kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka iwe mfano. Familia ya bendi ya kwanza italipa 12,000. Ya tatu, ambamo aliwekwa mtoto wa kaka yangu, italipa 48,000. Ya tano italipa 96,000. Kwa miaka minne, ngazi moja ya ploti inaweza kuwa na mzazi anayelipa 48,000 kwa jumla na jirani yake mlango kwa mlango anayelipa 384,000, na wote wawili wanachuuza Gikomba. Ukiona bendi haifanani na maisha yako, kata rufaa. Kukata rufaa kunakugharimu saa moja kwenye saiba na nakala za stakabadhi, na ndiyo saa yenye malipo makubwa kuliko zote utakazotumia katika safari hii. Wazazi wengi huiacha kwa kuona haya kueleza hali zao, na haya hiyo huilipia kila muhula.

Mkopo wenyewe si wa kuogopwa. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na hakuna sako wala programu ya simu itakayokupa hiyo. Hatari iko kwa anayemaliza na kunyamaza, kwa maana adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi, iwe umeajiriwa au hujui hata deni lako limefika wapi. Ulinganishe na kile ambacho wazazi hufanya pesa za matumizi zikichelewa, kama kawaida zinavyochelewa mwanzo wa muhula: Fuliza leo, mkopo wa simu kesho, wa kulipia ule wa jana. Nimeona mama akilipa gharama za namna hiyo mpaka zikapita nauli yenyewe aliyokuwa akiitafuta.

Kuhusu vitu vya kubeba sitakaa sana, maana hapo ndipo watu hukaa kupita kiasi. Sanduku la bati alilobeba sekondari bado liko chini ya kitanda. Litamfaa kama kabati lenye kufuli. Sufuria na sahani nenda Kamukunji kwa mafundi wenyewe, mashuka na blanketi Gikomba asubuhi na mapema. Godoro usinunue mpaka ujue amepewa chumba gani, kwa sababu hosteli kadhaa za vyuo huwa nalo. Kitu kimoja kisichoahirishwa ni kompyuta, na hapo ile iliyotumika na kukaguliwa upya, ya elfu kumi na tano hadi ishirini na tano, itamfikisha mwaka wa nne sawa na ile mpya ya elfu hamsini, mradi uiwashe dukani, uikalie nusu saa bila chaja, na upewe dhamana kwa maandishi. Zile elfu ishirini na tano ulizookoa usizile. Nitazirudia.

Mahali pa kulala ndipo hesabu huwa na mshangao. Sisi watu wa Eastlands tunaamini kwamba mtoto akiitwa chuo cha Nairobi, tumeokoka, kwa sababu atalala nyumbani. Chukua mtoto wa Umoja anayesoma Chuo Kikuu cha Kenyatta. Atapanda matatu ya Outering, ashuke, apande nyingine ya Thika Road. Siku ya kawaida, kwenda na kurudi ni kama shilingi 300, na siku ya mvua makanga hupandisha wanavyotaka. Siku tano kwa wiki, wiki 14 za muhula, ni 21,000. Sasa mtazame mwenzake aliyeitwa Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses. Chumba cha kushiriki nje ya chuo, tuseme 3,000 kwa mwezi kwa miezi minne, ni 12,000, na basi la kwenda na kurudi 4,000. Jumla ni 16,000. Aliyelala nyumbani ametumia zaidi.

Mtu atanijibu kwamba wa nyumbani anakula kwa mamake. Ni kweli, na chakula ni kitu kizito katika mizani hii. Pesa za matumizi za bendi ya kwanza, 30,000 kwa muhula, ukizigawa kwa siku za wiki 16, ni kama shilingi 268 kwa siku. Za bendi ya tano ni kama 179. Hapo ndani mna chapo madondo ya mchana, karatasi za kupiga chapa, sabuni na vocha. Anayepika na mwenzake kwa meko ya gesi ya kilo sita ataishi. Anayekula kibandani mara tatu atamaliza pesa wiki ya tisa, na wiki ya tisa ndiyo mitihani ya katikati ya muhula. Hata hivyo nikiongeza sahani ya nyumbani, bado simwambii mzazi kwamba nyumbani ni nafuu. Namuuliza kwanza mtoto atasomea wapi usiku, na saa tatu za barabara kila siku zitatoka wapi. Kwa anayesoma katikati ya jiji, akitoka Makadara au Jericho kwa matatu moja tu, nyumbani hushinda. Kwa anayevuka mpaka Juja, tafuta hosteli ya chuo, na uiombe siku ile ile mfumo unapofunguliwa, maana vitanda huisha haraka na nje ya lango kodi hupanda.

Kijana wetu alikuwa wa saa tatu za barabara. Sisemi kwamba barabara ndiyo iliyomfelisha. Nasema kwamba hakuna aliyeihesabu.

Na kufeli kwenyewe kuna bei zinazotofautiana sana, ambazo hakuna mzazi aliyewahi kunieleza. Katika vyuo vingi vya umma alama ya kupita yuniti ni 40. Aliyekosa huruhusiwa kufanya mtihani wa kurudia, ambao makomredi huuita sapu. Hulipiwa ada ndogo kwa kila yuniti, na mara nyingi alama inayoandikwa haizidi ile ya kupita hata angepata 70. Sapu tatu za kijana wetu zote pamoja zingetugharimu chini ya 3,000. Ukiikosa sapu, au ukiifeli, unairudia yuniti yenyewe itakapofundishwa tena, pengine mwaka ujao, na mahafali yanasogea. Zikizidi idadi fulani, unarudia mwaka mzima. Kwake, kwa kuwa hakufanya sapu wala hakusema, ikawa mwaka mzima. Sehemu yetu ya karo peke yake, tukitumia ule mfano wa bendi ya tatu, ni 48,000 nyingine, kabla ya nauli na kabla ya kuuliza kama ufadhili na mkopo utafika mpaka mwaka huo wa ziada. Kati ya 3,000 na 48,000 hakuna kilichobadilika isipokuwa muda aliokaa na siri ile.

Zipo njia nyingine zilizo nafuu zaidi ya sapu, lakini zina tarehe. Mwanafunzi aliyeugua au kufiwa wakati wa mitihani anaweza kuomba mtihani maalum. Huo huhesabiwa kama wa kwanza na alama zake huandikwa zilivyo. Kinachohitajika ni barua ya hospitali au stakabadhi ya msiba, ifikishwe idarani kwa wakati. Aliyezidiwa na maisha anaweza kuahirisha muhula kwa maandishi kabla mitihani haijaanza, na nafasi yake ikabaki. Kutoweka tu bila barua huhesabiwa kufeli. Aliyegundua kwamba kozi si yake, ahame mwaka wa kwanza, wakati KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, na idara zinapokea maombi ya uhamisho. Anayesubiri mwaka wa tatu huacha miaka miwili ya karo nyuma yake. Na kuna balaa la alama zinazopotea, mtihani umeufanya lakini matokeo hayaonekani. Dawa yake haina bei: weka kadi ya mtihani iliyotiwa sahihi, weka kila karatasi ya zoezi iliyosahihishwa, na fuatilia muhula ule ule. Wanaoziacha hadi mwaka wa nne hutafuta mhadhiri aliyekwisha kuhamia chuo kingine.

Ofisi za ushauri nasaha ziko vyuoni na mwanafunzi hazilipii. Nataka wazazi wazijue kwa jina la ofisi na namba ya mlango siku ile ile ya kuripoti, kama wanavyojua benki ya karo. Kijana aliyetembea muhula mzima na begi lisilo na daftari alikuwa katika hatari kubwa kuliko ya yuniti tatu. Namshukuru Mungu kwamba barua ilitufikia kabla ya habari nyingine.

Zile elfu ishirini na tano za kompyuta nilisema nitazirudia. Ziwekwe kando kwa jina la kuanguka, na mtoto aambiwe wazi kwamba zipo: ukifeli, kuna pesa za sapu, na hutaulizwa kwa kelele. Nilipopeleka jambo hili kwenye chama, kikao kilikuwa kirefu. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alisema tunamtabiria mtoto mabaya. Nikamwonyesha daftari. Tulikubaliana kwamba michango igawanywe mara mbili. Nusu hutolewa wakati wa kuripoti, bila hema, kwa chai na mandazi nyumbani kwa mwanafunzi. Nusu ya pili hutolewa matokeo ya mwaka wa kwanza yakitoka, kwa matokeo yoyote yale, na mwanafunzi huja mwenyewe na karatasi yake kuichukua.

Wa kwanza kuja alikuwa msichana wa ghorofa ya pili. Alikuwa na sapu mbili. Aliiweka karatasi mezani mbele yetu kumi na wanne, akaeleza yuniti ya kwanza, akaeleza ya pili, na hakuna aliyeinua sauti. Nikamhesabia 22,500. Alilipia sapu zake Jumatatu iliyofuata na kuniletea risiti, na nimeibandika daftarini, kwenye ukurasa uliokuwa mtupu.